Ngoma za Walokele na Ubaridi wa Madarasa ya Kisangani

Lawama isikikayo zaidi kuliko nyingine katika mazungumzo ya waalimu na wazazi wa mji wa Kisangani ni kwamba watoto wa shule wamepoa: huketi darasani kwa utiifu, hunakili kila kilichoandikwa ubaoni, huitikia kwa sauti moja wanapoulizwa kwa pamoja, na mtihani ukiisha husahau karibu yote bila ya majuto, kama watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote na mambo yale. Wako wauitao ubaridi huo uvivu, wako waulaumuo ufukara na vita, na wako wazilaumuo simu za mkononi. Na kila mmoja ana sehemu yake ya haki. Lakini mji huu una tarikhi katika kazi ya kufundisha iliyo ndefu kuliko umri wa shule zake, na aitazamaye tarikhi hiyo kwa makini atawakuta watu waliojua, kwa ustadi wa kustaajabisha, namna ya kumfanya kijana asiye na karatasi wala kalamu asikilize, ahifadhi na ajibu.

Kisangani imesimama mahali ambapo Mto Kongo, baada ya kushuka katika maporomoko saba yanayofuatana, hutulia na kukubali kubeba vyombo hata Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700. Kwa sababu ya hali hiyo ya mto, kaumu nyingi zilikutana hapa. Katika poromoko la mwisho wamekaa Wagenia, wavuvi watundikao migono yao mikubwa katika majukwaa ya miti yaliyosimamishwa katikati ya mkondo. Upande wa chini wa mto, vijiji vya Walokele, wavuvi na wachuuzi hodari wa mtoni, hujipanga ukingoni kuelekea Isangi, mahali Lomami unapoingia katika Kongo. Huko Opala wako Wambole. Tena wako Wangwana, kizazi cha wale waliokuja na misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ya mashariki, ambao waliacha hapa lugha hii tuiandikayo, dini ya Uislamu, na pia makovu ya biashara ya watumwa ambayo haifai kuyafunika. Kila kaumu miongoni mwa hizo ilikuwa na njia yake ya kupokeza maarifa. Mimi nitakaa zaidi na ile ya Walokele, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kwa ukamilifu zaidi, na kwa kuwa ndani yake jambo ninalotaka kulieleza huonekana wazi.

Ngoma ya Walokele haikuwambwa ngozi. Ni gogo la mti mgumu lililokombwa ndani kupitia mwanya mwembamba mrefu, hata midomo miwili ya mwanya ule ikapata unene usiolingana, na kila mdomo ukatoa sauti yake, mmoja ya juu na mmoja ya chini, ambazo wenyeji walizihesabu kuwa moja ya kiume na nyingine ya kike. Lugha ya Kilokele, kama nyingi za lugha za msitu ule, hupambanua maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Basi mpiga ngoma huichukua ile mipando na mishuko ya maneno na kuigonga juu ya midomo miwili ya gogo. Irabu zote na konsonanti zote hupotea. Linalobaki ni umbo tu la sauti, na umbo hilo, ikiwa neno ni fupi, hulingana na maneno mengine mengi, hata msikilizaji aliye kijiji cha pili asiweze kujua ni lipi lililokusudiwa.

Wazee wa zamani walipatia tatizo hilo dawa kwa kurefusha. Mwezi haukupigwa kwa neno moja, ulipigwa kwa fungu zima la maneno lenye maana ya mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Na kuku alitajwa kuwa ni yule mdogo mwenye kulia kiokio. Kila kitu chenye haja ya kutajwa kilikuwa na fungu lake, lililotungwa zamani, likarithiwa bila ya kubadilishwa, na ujumbe mzima ukawa mafungu mengi yaliyofuatana na kurudiwa, hata kama upepo ulichukua sehemu, sehemu iliyosalia ilitosha kumfahamisha msikilizaji. Alfajiri au usiku, hewa ilipotulia, sauti ya ngoma kubwa iliweza kufika maili 6 au 7 juu ya maji, na kijiji kilichoipokea kiliweza kuipiga tena ili kijiji kilicho mbele nacho kiipate. Kwa njia hiyo zilitangazwa habari za misiba na za ndoa, mieleka na ngoma za kuchezwa, kuja kwa wachuuzi na, katika zama za Wabelgiji, kuja kwa meli.

Sasa tufikiri hali ya mtoto aliyekulia kando ya sauti hizo. Hapakuwa na saa maalumu ya somo wala mahali palipoitwa darasa; elimu ilikuwa ikipita juu ya kichwa chake kila asubuhi, na kila alipofahamu fungu moja zaidi alipata kujua jambo ambalo lilikuwa kweli limetokea mahali fulani, kwa mtu fulani, siku ile ile. Zaidi ya hayo alikuwa na jina lake la ngoma, ambalo si lile aliloitwa na mama yake jikoni, bali ni fungu refu lenye kuchukua pia dalili za nasaba yake, na jina hilo liliposikika lilikuwa linamtaka yeye na si mwingine, naye alipaswa kwenda au kujibu. Mtoto asiyejua jina lake la ngoma alikuwa mtu ambaye jamaa zake hawakuweza kumwita. Katika mpango kama huo ubaridi haukuwa na pa kuingilia, maana elimu yenyewe ilikuwa ikimtafuta mwanafunzi kwa jina, kisha ikangoja jawabu.

Haya tunayajua kwa kirefu kwa sababu ya Bwana John F. Carrington, mmisionari wa Kiingereza wa madhehebu ya Kibaptisti, aliyefika Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, mwaka 1938. Alikuwa mwalimu, na alikuwa na unyenyekevu wa kuwa mwanafunzi. Alijifunza ngoma kwa wenyeji mpaka akaweza kuipiga na kuifahamu, hata mkewe akawa humwita kwa ngoma arudi nyumbani kula. Mwaka 1949 alitoa kitabu chake juu ya ngoma zisemazo za Afrika, na mpaka leo hakuna aandikaye juu ya jambo hili bila ya kumrudia. Lakini jambo alilolishuhudia kwa masikitiko, nalo ndilo linalotuhusu hapa, ni kwamba vijana wa Kilokele walikuwa wakizidi kuiacha ngoma, na kwamba miongoni mwa wanafunzi wa shule walikuwako wasiojua hata majina yao wenyewe ya ngoma.

Wakati huo hapakuwa na simu ya mkononi, wala televisheni, wala vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vijana wale walikuwa na akili ile ile ya baba zao na walikaa kando ya mto ule ule. Wala hawakuwa wazembe: katika miaka hiyo ghera ya kusoma ilikuwa kubwa mno katika nchi yote ya Stanleyville, kama mji ulivyoitwa zama hizo, na wazazi walijinyima ili mtoto apate kitabu. Ghera ilikuwapo, ilihama tu. Ilitoka penye gogo ikaenda penye karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyokuwa ikijibu. Aliyejua kusoma aliandikwa kazi ya ukarani katika serikali au katika kampuni, alipata mshahara, alipokea barua na kuzijibu, na watu wa kijiji walimjia na karatasi zao ili awasomee. Ngoma ilizidi kusema mambo ambayo uamuzi wake haukuwa tena kijijini.

Shule yenyewe ilikuwa imeingia kwa utaratibu. Mapadri wa Moyo Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Gabriel Grison, walianzisha misheni ya Saint-Gabriel karibu na maporomoko mwishoni mwa mwaka 1897, nao Wabaptisti walikuwa wameshafika Yakusu. Na mwaka 1906 serikali ya Mfalme Leopold ilifanya mkataba na Roma ambao kwa huo misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikachukua wajibu wa kufundisha. Elimu hiyo ilikuwa pana chini na nyembamba sana juu. Wengi walifundishwa kusoma, kuhesabu, dini na kazi za mikono, na wachache mno waliruhusiwa kupanda, hata ilipofika tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, wahitimu wa vyuo vikuu katika nchi nzima hawakuzidi 30.

Na misheni ilikutana uso kwa uso na shule za wenyeji. Mnamo mwaka 1910 ilipofufuliwa libeli, yaani mafundisho ya siri ya vijana wa kiume wa Kilokele yaliyofanywa msituni, vijana wengi walioandikishwa na misheni ya Yakusu waliifuata, na wamisionari wakaiona kuwa ni hasimu wa kazi yao. Siwalaumu kwa kila walilolichukia. Mafundisho ya namna hiyo, hapa na kwingineko, yalichanganyika na vitisho, mapigo na uongo uliofichwa kwa viapo, na wasichana waliwekwa mbali nayo. Lilwa, chama cha mafundisho cha Wambole, ilikuwa na sanamu za miti za watu walionyongwa, zilizoonyeshwa vijana ili wajue mwisho wa mwenye kuvunja miiko mikubwa. Na chama kilichokuwa kikifundisha ndicho hicho hicho kilichokuwa na nguvu ya kuua. Mtu atakaye shule ya leo ijifunze kwa wazee na aseme ukweli huu kwanza, asije akatuuzia zamani isiyokuwako. Hata hivyo, anayeitazama sanamu ya lilwa hawezi kusema kwamba mwalimu yule hakujua kazi yake. Sheria aliyoifundisha ilikuwa na uso na ilikuwa na kisa, na kijana hakuiona mpaka ulipofika wakati wake wa kuiona.

Wagenia nao hawakuacha jando lao kirahisi. Mwaka 1970, mji ukiwa tayari na chuo kikuu na madarasa ya kila namna, walifanya jando kubwa ambalo mwanaanthropolojia wa Kiholanzi, André Droogers, alilishuhudia na kulitolea kitabu mwaka 1980. Miongoni mwa vijana walioingia walikuwamo wanafunzi wa shule. Kwangu mimi hilo ni shahidi mkubwa: watoto wale wale ambao daima husemwa kuwa hawana hamu walivumilia maumivu, njaa na maagizo magumu, kwa kuwa waliyoyavumilia yaliwapa nafasi miongoni mwa watu waliokuwa wakiwangoja watoke.

Pamoja na hayo, nitakuwa sikutenda haki nisipotaja chuo cha Kurani, ambacho Wangwana walikuja nacho kabla ya misheni yoyote. Mtoto alikaa chini mbele ya mwalimu na ubao wake, akasoma kwa sauti, akahifadhi, akarudishwa nyuma alipokosea herufi moja, na siku aliyohitimu jamaa na majirani walikusanyika kumsikia. Wako wasemao, na mara nyingi ni kweli, kwamba wengi walihifadhi pasipo kufahamu. Lakini mwanafunzi hakuweza kujificha nyuma ya wenzake, maana kila mmoja alisomeshwa peke yake, na kila mmoja alisikika.

Na thamani ya kilichohifadhiwa haikuishia chuoni. Yatosha kukumbuka kwamba bwana aliyetawala maporomoko haya tangu mwaka 1887 kwa niaba ya Leopold, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alielewa nguvu ya maneno ya midomo kuliko maofisa waliokuja baada yake. Katika maisha yake, ambayo aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake Unguja, anasimulia jinsi alivyosikia habari za binti za ukoo wa watawala wa Utetera waliochukuliwa mateka zamani, akazihifadhi zile nasaba barabara, kisha akafika mbele ya mzee Kasongo Rushie akajidai kuwa ni mjukuu wa mmoja wao. Naye Kasongo akamwachia utawala. Ni kisa cha hila, na wenyeji wa Utetera waliilipia hila ile kwa pembe zao za ndovu na kwa watu wao. Lakini kinaonyesha nasaba iliyohifadhiwa ilikuwa mali ya thamani gani, na ni hatari gani iliyowafikia watu pale mgeni alipoisikiliza kwa makini kuliko walivyomsikiliza yeye.

Ushahidi wa mwisho wa zama za ukoloni nauona kwa Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta mjini Stanleyville katika miaka ya 1940 na 1950. Hakuwa mtu wa shule ndefu. Elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma vitabu mwenyewe, kwa kuandika katika magazeti, na kwa kusimama katika vyama vya Waafrika waliosoma, ambako kila alilolisoma usiku aliweza kulisema mbele ya wenzake, akapingwa, akarekebishwa, akasema tena. Kitabu na hadhira vilikutana kwake, na kijana aliyepata vyote viwili hakuhitaji kuhimizwa na mtu.

Mambo yaliyofuata yalivunja ile ahadi ambayo kwa ajili yake vijana walikuwa wameiacha ngoma. Mji ulipata chuo kikuu mwaka 1963, na mwaka uliofuata ukaingia katika maasi ya Simba na umwagaji wa damu ambao wazee hawajausahau. Mtihani wa taifa uliwekwa mwaka 1967. Shule zikachukuliwa na serikali mwaka 1974, zikarudishwa kwa makanisa mwaka 1977. Mishahara ya waalimu ikapungua thamani mpaka wazazi wakalazimika kuwalipa wao. Na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, na watoto wakajaa madarasani kuliko nafasi zilivyoweza kuwapokea. Shahada ikawa haimwiti tena mwenye nayo kwenye kazi. Kijana wa leo anayeona ndugu yake mkubwa ana shahada na anaendesha pikipiki ya abiria hana budi kujiuliza ni nani atakayejibu akijua anachofundishwa.

Walakini siitaki sababu hii ya kazi ichukue lawama yote, kwa kuwa iko nyingine iliyo ndani ya darasa lenyewe, na iko katika uwezo wa waalimu. Darasa la kawaida la Kisangani leo halina vitabu vya kutosha kila mtoto. Mwalimu anacho kimoja, au anayo madaftari yake ya zamani; anaandika ubaoni mukhtasari, wanafunzi wananakili, kisha wanaukariri. Basi darasa hilo, kwa hali yake, ni darasa la masikio, kama ulivyokuwa ukingo wa Yakusu. Lakini linafundishwa kwa njia iliyobuniwa kwa watu wenye vitabu kabatini. Mukhtasari ni mzuri kwa mtu awezaye kuufungua ukurasa na kusoma yaliyofupishwa. Kwa asiye na ukurasa wa kurudia, mukhtasari ni lile neno fupi lililopigwa juu ya gogo: lina umbo, lakini laweza kuwa chochote. Mtoto hulihifadhi kwa sababu ameamrishwa, na hulitupa kwa sababu hakupata kujua ni nini. Tena aghalabu limo katika Kifaransa, ambacho wengi hawakisemi nyumbani, ilhali sheria ya elimu ya mwaka 2014 imeziruhusu lugha za taifa, Kiswahili na Lingala zikiwamo, katika miaka ya kwanza ya shule.

Wapiga ngoma wa Kilokele walilijua tatizo hili na walilimaliza. Walirefusha pale tunapofupisha. Walimpa kila mtu fungu lake pale tunapoliita darasa zima kwa sauti moja. Kila ujumbe waliutuma kwa mtu aliyetazamiwa kufanya jambo baada ya kuusikia. Mwalimu wa jiografia anayetaka watoto waushike Mto Kongo aweza kuanza na maporomoko saba na kila poromoko akampa mtoto mmoja, awe ndiye mwenye kulisimulia kila litakapotajwa kwa mwaka mzima, kwa maneno marefu yenye habari za wavuvi, za mawe na za vifo vilivyotokea. Na mwisho wa muhula wazazi waje kusikia, kama walivyokuja kwenye khitima ya chuo cha Kurani. Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili yeyote. Inahitaji muda, na inahitaji mtihani unaokubali kwamba mambo machache yaliyoshikwa yana thamani kuliko mengi yaliyonakiliwa.

Hapo ndipo penye ugumu, na sioni vema kuuficha. Mwalimu hupimwa kwa kumaliza mtaala na kwa idadi ya waliofaulu. Akikaa na poromoko moja juma zima mkaguzi atamwuliza juu ya mabara mengine. Na wazee wenye kuyajua mafungu ya ngoma wanazidi kupungua katika vijiji vya Isangi. Mji una Chuo cha Ualimu, una Chuo Kikuu, na barabara ya maji kutoka hapa mpaka Yakusu si ndefu. Kama wakuu wa vyuo hivyo wangeamua kwamba kila mwalimu mpya akae kwanza muhula mmoja kwa mpiga ngoma, ajifunze jina lake mwenyewe la ngoma na namna fungu linavyotungwa, na kama mzee huyo angelipwa ujira wa mhadhiri, kwa kuwa kazi yake ni ya mhadhiri, tungeweza kuanza mwaka ujao wa masomo.